Uteuzi na Urekebishaji wa Kanuni za Mchezo wa Upelelezi wa Mambo ya Ghaibu: Mfano wa Kasongo na Kabambare katika Karne ya 19

1. Utangulizi

Mchezo wa uhusika ni mchezo wa maneno. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao, ambaye katika makala haya anaitwa mtambaji, hueleza mahali na tukio. Wengine, yaani wachezaji, kila mmoja huchukua nafsi ya mhusika mmoja na kusema atakalotenda. Panapokuwa na shaka kama tendo litafaulu, kanuni huamua, mara nyingi kwa kutupa dadu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulichapishwa Marekani mwaka 1974, nao ulihusu mashujaa na mazimwi. Miaka michache baadaye lilizuka tawi jingine, ambalo wahusika wake si wapiganaji bali wapelelezi: watu wa enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) wanaochunguza vifo visivyoelezeka, nyumba zenye mizuka na mambo mengine ya ghaibu.

Mwalimu wa lugha ana sababu ya kuujali mchezo huu. Humlazimisha mwanafunzi kuuliza, kudadisi, kushuku na kushawishi kwa Kiswahili kwa saa mbili au tatu mfululizo, mambo ambayo zoezi la darasani huyapata kwa shida. Hata hivyo, kanuni zilizopo zilitungwa kwa ajili ya London, Paris au Uppsala. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua kati ya kanuni hizo na kuzirekebisha ili zifae kisa kilichowekwa kusini mwa Maniema, katika maeneo ya Kasongo na Kabambare. Hoja inayoongoza maelezo yote ni moja: kanuni ya mchezo ina upande. Ndiyo inayoamua nani anaweza kujua, kujua kunamgharimu nini, na ukweli wa nani utakubaliwa mwishoni.

2. Enzi ile ile, mahali pengine

Maneno "enzi ya Victoria" humpeleka msomaji moja kwa moja London, kwenye ukungu, taa za gesi na magari ya farasi. Mwaka 1882 iliundwa huko jumuiya ya wataalamu waliotaka kuchunguza mizuka kwa njia za kisayansi, na mwaka 1887 mpelelezi Sherlock Holmes alionekana kitabuni kwa mara ya kwanza. Lakini mwaka huo huo wa 1887, kisiwani Unguja, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikubaliana na Stanley kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold II. Makao ya Tippu Tip katika bara yalikuwa Kasongo, alikofika yapata mwaka 1875. Kwa hiyo Kasongo, Nyangwe na Kabambare ilikuwa miji ya enzi ya Victoria sawasawa na London. Ilikuwa na makarani, madeni, barua, fununu na maiti zisizojulikana zilikotoka. Enzi hiyo ilikoma kwa vita: Nyangwe ilitekwa na majeshi ya dola ya Leopold mwezi Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare mwezi Januari 1894. Mahali palipokuwa Kasongo ya kale panaitwa Tongoni, kutokana na neno tongo, yaani mahame.

Kujitwalia nafsi nyingine si jambo geni katika historia hiyo. Tippu Tip mwenyewe, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili na yakachapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903, anaeleza jinsi alivyojitambulisha kwa mtawala mzee Kasongo Rushie kuwa ni jamaa yake, mjukuu wa dada aliyetekwa zamani. Alisadikiwa, akapokewa, akakabidhiwa utawala. Hapo uhusika haukuwa burudani. Ulihamisha watu na pembe kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mtambaji anayetunga kisa cha Maniema hana budi kukumbuka kwamba katika nchi hii swali "wewe ni nani?" lilikuwa na thamani kuliko bunduki.

Wala upelelezi wa ghaibu si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, watu wana hofu ya wahenga, na mpelelezi mwenye kiko anafumbua kila kitu kwa akili. Bwana Msa ni ndugu wa Holmes: mzimu kwake ni pazia, na nyuma ya pazia yupo binadamu mwenye tamaa. Hiyo ni njia moja ya kumaliza kisa. Swali la makala haya ni kama njia hiyo inatosha kwa Maniema.

3. Kisa: waliofariki baada ya kuvuka Lualaba

Ili mjadala usielee hewani, inafaa kuchukua kisa kimoja chenye ushahidi. David Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare, mwezi Septemba 1869. Vidonda vya miguu vilimlaza huko kwa muda mrefu katika mwaka 1870, asiondoke hadi Februari 1871. Katika kumbukumbu zake za Maniema ameeleza ugonjwa uliomshangaza kuliko mengine yote aliyoyaona nchini: watu huru waliotekwa na kutiwa minyororo walikufa pasipo maradhi ya kuonekana. Mateka wa msafara wa Said bin Habib walistahimili minyororo hadi walipouona mto mpana wa Lualaba umewatenga na kwao. Wakiwa ng'ambo, 21 walifunguliwa kwa kudhaniwa kuwa sasa hawana pa kwenda, wakatoroka wote mara moja. Lakini wengine wanane, pamoja na wengi waliokuwa bado wamefungwa, walifariki ndani ya siku tatu. Walipoulizwa wanaumwa nini, walisema moyo, wakaweka mkono mahali penyewe.

Wenye msafara walishangaa, kwani watu hao walikuwa na chakula na hawakupewa kazi. Daktari alihitimu kuwa walikufa kwa kuvunjika moyo. Maelezo ya tatu, yaani ya marehemu wenyewe na ya jamaa waliobaki upande wa pili wa mto, hayakuandikwa na yeyote. Kiswahili kinalo neno kihoro, huzuni kuu ya kufiwa au kupotelewa, na msemo kufa kihoro. Lakini neno linataja tu jambo, halisemi ni nani aliyeua. Ni ugonjwa? Ni mto? Ni wahenga waliokatazwa wasivuke na watu wao? Ni mwenye mnyororo? Hapo ndipo penye kisa kinachostahili kupelelezwa.

4. Kanuni zilizopo

Kuna kanuni nyingi, lakini nne zinatosha kuonyesha njia kuu.

Ya kwanza ni ya Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen na kuchapishwa na kampuni ya Chaosium mwaka 1981. Toleo la Kifaransa lilitoka mwaka 1984, na nyongeza iliyohusu Uingereza ya miaka ya 1890 ilitoka mwaka 1986. Kila ustadi wa mhusika huandikwa kwa asilimia, na dadu mbili za pande kumi huamua. Aidha, mhusika ana alama za utimamu wa akili: kila anapogundua siri ya ghaibu, alama hizo hupungua, na zikiisha amerukwa na akili.

Ya pili ni Maléfices, mchezo wa Kifaransa wa Michel Gaudo na Guillaume Rohmer, uliotolewa mwaka 1985. Kisa chake kiko Ufaransa ya mwisho wa karne ya 19, na wahusika huumbwa kwa msaada wa karata za taroti. Sifa yake kubwa ni shaka: mara nyingi mchezaji hajui kama aliyoyaona ni ya shetani au ya laghai.

Ya tatu ni mfumo wa GUMSHOE wa Robin D. Laws, uliotumiwa, pamoja na mingine, katika Trail of Cthulhu wa Kenneth Hite mwaka 2008. Mfumo huu unasema kwamba kidokezo cha lazima hakitegemei dadu. Mwenye ustadi unaofaa, akiutumia mahali panapofaa, hukipata.

Ya nne ni Vaesen, mchezo wa Uswidi wa mwaka 2020, uliojengwa juu ya viumbe wa masimulizi ya watu wa Skandinavia. Hapo kiumbe wa ghaibu haondolewi kwa risasi. Wapelelezi hutafuta kilichomkasirisha na tendo litakalomrudisha mahali pake.

Ukizitazama kwa pamoja, kanuni hizi zinajibu maswali matatu. Kidokezo hupatikanaje? Kujua kunagharimu nini? Kisa humalizikaje? Anayechagua asianze na umaarufu wa mchezo bali na majibu yake kwa maswali hayo.

5. Marekebisho

5.1 Kidokezo na mji

Kutegemeza kidokezo kwenye dadu kuna hatari inayoweza kuhesabiwa. Ikiwa kisa kinahitaji vidokezo vitatu, na kila kimoja kina uwezekano wa asilimia 60, basi uwezekano wa kuvipata vyote kwa jaribio moja moja ni chini ya asilimia 22. Takribani mara nne kati ya tano kisa kitakwama, si kwa uvivu wa wachezaji bali kwa kanuni. Hiyo ndiyo kasoro ambayo GUMSHOE uliisahihisha.

Lakini kuna kanuni ya zamani zaidi iliyokwisha kulitatua tatizo hilo, nayo imo katika kitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!", akaitikiwa "Tega!", akatega. Wanaojibu wakishindwa, hawaachwi gizani. Mtegaji hudai "Nipe mji", akipewa mji anaoupenda hutoa jibu. Maana yake ni kwamba jibu hupatikana daima, ila asiyejua hulipa. Mfumo mzima wa upelelezi umo katika maneno hayo mawili.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kila mchezaji aandike katika karatasi ya mhusika wake miji mitatu, yaani mahali patatu ambapo ana mwenyeji: mtu wa kumpa maji, kitanda na habari. Mtambaji hutoa kila kidokezo muhimu kwa njia ya fumbo. Mchezaji akilifumbua, amelipata bure. Akishindwa, hutoa mji, nao huandikwa tongo, na kidokezo kikafafanuliwa. Tangu hapo mhusika hana mwenyeji mahali hapo. Katika utani wa vitendawili mji ulitolewa kwa maneno matupu. Hapa unapata uzito. Na uzito huo unalingana na historia, kwa maana katika Maniema ya miaka ile kila msafara uliouliza maswali huku umeshika bunduki uliacha nyuma yake vijiji vitupu, watu wamekimbilia msituni.

Mpelelezi aliyetoa miji yake yote anaweza kuujua ukweli mzima asiwe na mtu wa kumwambia. Hali hiyo si kushindwa kwa mchezo. Ni mojawapo ya miisho yake.

5.2 Deni badala ya utimamu

Alama za utimamu wa akili zinasadiki jambo moja: kwamba kuijua ghaibu ni kuumia akili. Wazo hilo linafaa kwa bwana wa London ambaye ulimwengu wake hauna nafasi ya wafu. Kwa mhusika wa Kabambare aliyezaliwa akijua kwamba wahenga wapo, halifai. Kukutana na mzimu kwake hakumpi wazimu, humpa wajibu. Wafu hudai. Tena, kanuni hiyo ikiachwa ilivyo, itamfanya kila mwenyeji wa nchi aonekane mwendawazimu tangu mwanzo, nayo itakuwa imerudia kosa la maandishi mengi ya wasafiri wa wakati ule.

Badala yake, mhusika huandika madeni. Kila anapopata jambo linalomhusu aliyedhulumiwa au aliyekufa, huandika jina la mdai na kinachodaiwa: kuzikwa, kupelekewa habari kwao, jina lake kutajwa hadharani, mtoto wake kutafutwa. Deni haliandikwi kwa namba. Mhusika anaweza kubeba madeni matatu. La nne likiongezwa, anashikwa na kihoro: hana nguvu ya kutenda lolote kwa mikono yake mpaka alipe moja. Anaweza kusema, lakini hawezi kukimbia, kupigana wala kubeba. Hivyo kinachowasukuma wachezaji kutenda ni wajibu, na hofu ya ghaibu hubaki nyuma.

5.3 Lugha

Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara na ya Wangwana. Lugha za nyumbani zilikuwa nyingine: Kibangubangu, Kizimba, Kikusu, Kisongye na nyinginezo. Karatasi ya mhusika itaje lugha anazozijua, zisizidi tatu. Ushahidi unapotoka katika lugha ambayo mhusika haijui, hupitia kwa mkalimani, na mtambaji huchagua neno moja lenye maana mbili na kumpa asiyejua lugha hiyo maana moja tu.

Mfano ulio karibu ni neno moyo. Katika Kiswahili ni kiungo cha mwili, na pia ni makao ya nia na ujasiri. Mtu hukata moyo, hupiga moyo konde, hufanya jambo kwa moyo mmoja. Daktari akiambiwa "moyo unauma" huweka sikio kifuani. Mwenzake hungoja kusikia ni nani aliyekatiwa tamaa na nani. Mchezo ukiwapa wachezaji wawili maana mbili za neno moja, watalazimika kujadiliana, na mjadala huo ndio mazoezi bora ya lugha.

Maandishi nayo yana tabaka. Mwaka 1871 Livingstone, akiishiwa na karatasi, aliandika shajara yake juu ya gazeti la zamani kwa wino wa mbegu za matunda. Maandishi hayo yalififia hata yakawa hayasomeki. Wataalamu waliyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuyatoa hadharani mwaka 2011, na tofauti zikaonekana kati ya shajara hiyo na maandishi aliyoyaandika baadaye kuhusu mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Kwa hiyo waraka katika mchezo usihesabiwe kuwa mwisho wa ubishi. Kila waraka upewe swali moja ambalo ni shahidi wa mdomo tu awezaye kulijibu.

5.4 Shaka na tamati

Kutoka Maléfices inachukuliwa shaka. Mtambaji asiamue mapema kama chanzo ni cha mwili au cha ghaibu. Aandae maelezo mawili yanayokubaliana na vidokezo vyote, na asiyapinge yoyote kati yake. Kutoka Vaesen inachukuliwa tamati. Kisa hakifungwi kwa kumtaja mhalifu, bali kwa kutenda kinachodaiwa. Bwana Msa angetosheka na jina la muuaji. Katika kisa cha Lualaba jina la mwenye mnyororo lilijulikana tangu mwanzo, wala kulijua hakukumfufua mtu. Kinachobaki ni kulipa madeni yaliyoandikwa, na wachezaji ndio wanaochagua yapi yalipwe kwanza.

5.5 Dadu

Asilimia za Call of Cthulhu zinaweza kubaki kwa matendo ya mwili, kama vile kuogelea, kupiga kasia, kufuata nyayo au kujificha, kwa sababu kila mwanafunzi anaelewa asilimia. Dadu za pande kumi si rahisi kupatikana. Vipande kumi vya karatasi, vimeandikwa 0 hadi 9 na kutiwa katika mfuko, vinatosha. Kipande cha kwanza huhesabiwa makumi, kinarudishwa mfukoni, cha pili huhesabiwa mamoja. Sifuri mbili ni 100. Mwenye ustadi wa 45 hufaulu akitoa 45 au pungufu.

6. Mfano wa kipindi kimoja

Wahusika ni wanne: karani wa msafara, asomaye Kiarabu, mwanamke auzaye samaki sokoni, ajuaye mitumbwi na fununu, mkalimani mzaliwa wa karibu na mto Luama, na mpagazi kutoka Unyamwezi. Hakuna aliye mkubwa, na hakuna aliye Mzungu. Daktari yupo, lakini ni wa kuulizwa, naye yuko chini ya mtambaji.

Kipindi kinaanzia kambini, ng'ambo ya mto, asubuhi ya siku ya tatu. Wamekufa watu wanane, chakula chao hakijaguswa. Mwenye msafara anataka kujua kama wametiwa sumu, maana anaogopa hasara. Mwuza samaki anatazama vyungu. Mtambaji anatega: wananinywesha maji, wananitia mbolea, siku ya tatu nakauka. Mchezaji akijibu "mche uliokatwa mizizi", anaelewa bila gharama kwamba hapakuwa na sumu. Akishindwa, anatoa mji. Tuseme anatoa Nyangwe. Anapata jibu lile lile, lakini mtambaji anaongeza kwamba mwenyeji wake wa Nyangwe amesikia kuwa anampelelezea mwenye msafara, na mlango wake umefungwa.

Mkalimani anamhoji kijana aliye hai bado. Kijana anasema hana ugonjwa, ni moyo tu. Karani, asiyejua lugha yake, anapewa maana ya kiungo. Mkalimani anapewa zote mbili. Kijana anamtaja mama yake upande wa pili. Deni linaandikwa: "Mama apelekewe habari." Sasa kuna maelezo mawili. Karani anaweza kushikilia kwamba hofu na uchovu viliwaua. Mkalimani anaweza kushikilia kwamba wamefuata sauti za kwao, na kwamba mto hautawaacha walio hai wapite mpaka waliokufa watajwe kwa majina. Vidokezo vinaruhusu yote mawili. Lakini deni ni moja, na ili lilipwe ni lazima mmoja wao avuke mto usiku, kinyume cha amri. Hapo ndipo mfuko wa karatasi unapotolewa.

Kipindi cha namna hii huchukua saa mbili hadi tatu. Ni vema mtambaji aandike pembeni maneno yanayozua ubishi, yajadiliwe baada ya mchezo: mateka na mtumwa, mngwana na huru, kufa na kuuawa. Mchezaji aliyesema "walikufa" na mwenzake aliyesema "waliuawa" hawatofautiani kwa sarufi tu.

7. Mipaka na adabu

Watu hao waliishi kweli. Wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga wanaishi leo mitaa ile ile ya Kasongo na Kabambare, wanaoana, wanazikana, na Kiswahili chao ni kimoja. Zaidi ya hayo, vita vilirudi Maniema mwaka 1964 na tena kati ya 1996 na 2003, hata mchezaji anaweza kuwa na jamaa ambaye hakuzikwa. Deni linaloandikwa karatasini huenda likafanana mno na deni la nyumbani. Kwa hiyo mipaka minne inapendekezwa.

Kwanza, hakuna kabila litakalofanywa zimwi. Vitabu vya wakati ule vilipenda masimulizi ya watu kula watu, na kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kutisha huyavuta masimulizi hayo bila kukusudia. Pili, mateka wawe na majina na sauti. Asitajwe mtu kwa idadi tu pale anapoweza kutajwa kwa jina alilopewa na mtambaji. Tatu, ibada za watu wanaoishi zisibuniwe. Inapohitajika ibada, litumike tendo ambalo kila mtu analijua, kama kuzika, kutaja jina, kumwaga maji au kunyamaza. Nne, mchezaji yeyote anaweza kusema "nimevuka", na tukio linaachwa hapo hapo, bila kuulizwa sababu.

8. Hitimisho

Kanuni zilizopendekezwa zimekopwa huku na huku: asilimia kutoka mchezo mmoja, shaka kutoka wa pili, hakika ya kidokezo kutoka wa tatu, tamati kutoka wa nne. Kinachoziunganisha ni mambo mawili yasiyokopwa, yaani mji wa kitendawili na deni la aliyekufa. Kwa kanuni ya utimamu, vifo vya Lualaba vingekuwa kitisho cha kumrusha mgeni akili. Kwa kanuni ya dadu pekee, huenda visingefumbuliwa kabisa. Kwa kanuni ya mji na deni, mchezaji anapata kujua kila mara, na kila mara anaulizwa ametoa nini ili ajue na atafanya nini sasa kwa kuwa anajua.

Livingstone alijua. Siku chache baada ya mauaji ya Nyangwe aliondoka kurudi Ujiji, na habari zake zilipofika Ulaya zilisaidia kuongeza shinikizo lililofunga soko la watumwa la Unguja mwezi Juni 1873. Waliokuwa minyororoni ng'ambo ya Lualaba hawakupata habari hizo. Miaka ishirini baadaye sababu hiyo hiyo ya kukomesha utumwa ilitajwa na dola nyingine iliyokuja Kasongo na mizinga. Anayetunga mchezo juu ya miaka hiyo anatunga kanuni za nani atakayesikilizwa, na hilo linastahili kuamuliwa mezani kabla kipande cha kwanza cha karatasi hakijatolewa mfukoni.